"HITILAFU YA UMEME" SI JIBU LA KUTOSHA

Kila mara nyumba inapoteketea katika visiwa vyetu, na majirani waliokuwa wakibeba ndoo za maji wakarejea makwao na masizi nyusoni, hutolewa taarifa yenye maneno yale yale: chanzo cha moto kimeelezwa kuwa ni hitilafu ya umeme. Magazeti huyachapa maneno hayo, gazeti hili likiwamo. Redio huyasoma. Wananchi hupeana pole, na baada ya siku chache mazungumzo hukoma.

Leo tunapenda kusema kwamba maneno hayo hayatoshi. Daktari akiandika kwamba marehemu amekufa kwa ugonjwa, bila ya kuutaja ugonjwa wenyewe, hapana jamaa atakayeridhika. Kila mtu atauliza ni ugonjwa gani, umetoka wapi, na je, umo nyumbani mwetu bado? Hitilafu ya umeme nayo si kitu kimoja. Ni jina la mkusanyiko wa makosa mbalimbali, na kila kosa lina sababu yake, dalili zake, kinga yake na mtu wake wa kuulizwa. Maadamu tunayafunika yote kwa guo moja, hatutajifunza lolote kutokana na majivu.

Tuanze na lile ambalo watu wengi hulitaja bila ya kulielewa, yaani shoti. Umeme wa majumbani hupita katika njia ya mzunguko. Waya wa moto huuleta, waya wa nyutro huurudisha, na baina ya nyaya hizo mbili hukaa kifaa chenye kazi ya kufanya, kama vile taa, feni au birika. Kifaa hicho ndicho kinachouzuia umeme usipite kwa wingi kupita kiasi. Taa ya zamani ya wati 60, katika umeme wetu wa volti 230, huruhusu kama robo ya ampea tu. Sasa gamba la plastiki likichanika, waya wa moto ukagusana na wa nyutro kabla ya umeme kufika katika kifaa, njia inakuwa fupi na haina kizuizi. Ikiwa ukinzani wote uliobaki katika njia hiyo ni nusu ya omu, mkondo utaruka hadi ampea 460. Waya wa soketi za nyumbani umekusudiwa kubeba ampea ishirini na kitu. Kwa kuwa joto la waya huongezeka kwa mraba wa mkondo, yaani mkondo ukiwa maradufu joto huwa mara nne, haihitaji hesabu ndefu kufahamu kwa nini shaba huyeyuka na plastiki huwaka katika muda mfupi sana.

Hiyo ndiyo shoti. Lakini iko ndugu yake wa pili, ambaye ni kuzidisha mzigo. Hapa nyaya hazikugusana, ila zimebebeshwa kisichobebeka. Mwenye nyumba ana soketi moja ukutani, akachomeka waya wa nyongeza wenye matundu manne, na katika matundu hayo akaweka birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,500. Jumla ni wati 3,500, ambazo ni zaidi ya ampea 15, wakati plagi yenyewe ina fyuzi ya ampea 13. Fyuzi hiyo haikatiki papo hapo kwa ziada ndogo kama hiyo. Inaweza kuvumilia kwa muda mrefu, na katika muda huo waya mwembamba uliofichwa chini ya zulia unapata moto polepole.

Wa tatu ni kiungo kilicholegea, na huyu ndiye mjanja kuliko wote. Skrubu ya soketi haikukazwa vizuri, au imelegea kwa miaka mingi ya kuchomeka na kuchomoa. Mkondo unaopita ni wa kawaida kabisa, tuseme ampea 8. Lakini pale pembamba panapopita umeme, ikiwa pana ukinzani wa omu moja tu, huzaliwa joto la wati 64, yaani joto la taa nzima lililofungiwa ndani ya kipande cha plastiki. Swichi ya kinga iliyoko kwenye boksi la meni haioni kitu, kwa sababu mkondo haukuzidi. Dalili pekee ni soketi kuwa ya moto ukiigusa, rangi yake kugeuka ya kahawia, harufu ya plastiki iliyoungua, au taa kufifia na kurudi.

Wa nne ni kuvuja. Umeme unaiacha njia yake na kuingia katika bati la friji, katika ukuta uliolowa, au katika mwili wa mtu. Huyu huua mtu hata kama nyumba haikuungua. Mkondo wa milliampea 30 tu, yaani chini ya sehemu moja ya nane ya ule unaowasha taa ya wati 60, unatosha kumtia mtu hatarini iwapo utapita kifuani mwake. Fyuzi na swichi ya kawaida hazimlindi mtu katika hali hii. Kazi yake ni kuulinda waya. Kinachomlinda mtu ni swichi ya kukata umeme unaovuja, ambayo hulinganisha umeme uliokwenda na umeme uliorudi, na tofauti ikifika kiwango chake, ambacho kwa nyumba huwa ni milliampea 30, hukata mara moja. Nyumba yenye swichi hiyo na waya mzuri wa ardhini imekwisha kujikinga na sehemu kubwa ya hatari hii.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya dunia nzima. Ni kweli. Lakini visiwani kuna sababu zinazoyazidisha, na ni wajibu wetu kuzitambua.

Ya kwanza ni bahari yenyewe. Hewa ya chumvi hula shaba na madini mengine, ikageuza kiungo kilichokuwa imara kuwa kiungo chenye kutu. Chumvi ikichanganyika na unyevu wa masika hutandaza juu ya soketi na viungio utando unaopitisha umeme. Soketi ya nje ya nyumba ya pwani haiwezi kudumu kama soketi ya mji ulio mbali na bahari.

Ya pili ni majengo yetu. Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ni mji wa mawe, chokaa na boriti. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 katika zama za Sayyid Barghash, inatajwa kuwa ndilo jengo la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme. Nyumba nyingi nyingine hazikujengwa kwa ajili ya umeme. Nyaya zilipachikwa baadaye, zikaongezwa tena na kila mpangaji, zikapita juu ya boriti kavu za miaka mingi mahali ambapo panya hutafuna na hapana jicho linalofika. Vichochoro ni vyembamba, na gari la zimamoto haliwezi kupita katika vingi vyao. Huko mashamba na pwani ya mashariki, paa la makuti halingoji moto mkubwa. Cheche moja inatosha.

Ya tatu ni kukua kwa matumizi. Umeme wa gridi kutoka bara ulifika Unguja kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980, ukiwa na uwezo wa megawati 45. Mwaka 2013 uliongezwa waya mwingine wa megawati 100. Pemba nayo iliunganishwa na Tanga kwa waya wa baharini mwaka 2010. Hii ni neema kubwa, na hapana anayetaka kurudi katika kandili. Lakini nyumba iliyotiwa nyaya wakati mwenyewe alikuwa na taa tatu na redio, leo ina friji, pasi, feni, televisheni, birika, mashine ya kufulia, pengine na kiyoyozi, juu ya nyaya zile zile. Mzigo umekua, njia imebaki ilivyokuwa.

Ya nne ni kukatika kwa umeme. Wananchi wa Unguja hawajasahau Mei na Juni 2008, wala kiza cha miezi mitatu cha kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Umeme ukikatika wakati mtu anapiga pasi, huiacha ilipo juu ya nguo na kutoka kwenda barazani. Umeme hurudi usiku, wenyewe wamelala au wamekwenda harusini. Aidha, mwenye jenereta akiiunganisha na nyaya za nyumba bila ya swichi ya kubadilishia, umeme wake huweza kurudi katika laini ya mtaa na kumwua fundi aliye juu ya nguzo, aliyeamini kwamba waya anaoushika umezimwa.

Hizo ni sababu za mahali. Zipo na sababu za mikono yetu, na hapa tuseme ukweli bila ya kuoneana haya. Fyuzi ikiungua mara mbili, wapo wanaoweka mahali pake kipande cha waya mnene, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au msumari. Kufanya hivyo ni sawa na kumfunga mdomo mlinzi kwa sababu anapiga kelele usiku. Fyuzi haikuungua kwa ubaya. Imeungua ili nyumba isiungue. Vivyo hivyo swichi ya kinga ikiruka, isirudishwe kwa nguvu mara tatu na nne. Irudishwe mara moja baada ya kuchomoa vifaa vyote, na ikiruka tena, aitwe fundi.

Wapo pia wanaojiita mafundi kwa sababu wana bisibisi na koleo. Hatari yao imezidi tangu rangi za nyaya zilipobadilika. Katika mtindo wa zamani wa Kiingereza uliotumika katika nyumba zetu, nyekundu ni waya wa moto, nyeusi ni nyutro, na kijani ni ardhi. Uingereza ilianza kubadili rangi za nyaya za majengo mwaka 2004, na mtindo mpya ukawa wa lazima mwaka 2006: kahawia ni moto, buluu ni nyutro, kijani chenye mistari ya manjano ni ardhi. Katika mtindo huo mpya wa umeme wa njia tatu, nyeusi nayo ni waya wa moto. Kwa hiyo rangi ile ile ambayo katika nyumba ya babu ni nyutro, katika jengo jipya inaweza kuwa mauti. Asiyejua hayo asifungue boksi la meni la mtu.

Mwananchi afanye nini basi? Mengi hayahitaji fedha. Apitishe kiganja juu ya kila soketi na plagi inayotumika sana. Yenye joto lisilo la kawaida iachwe kutumika. Vifaa vya kupasha moto, yaani birika, pasi na jiko la umeme, vichomekwe ukutani moja kwa moja, kimoja kimoja, visipewe waya wa nyongeza. Waya usipite chini ya zulia wala chini ya godoro, na simu isiwekwe chajini juu ya kitanda. Umeme ukikatika, pasi ichomolewe papo hapo, kabla ya kutafutwa tochi. Plagi ishikwe yenyewe inapochomolewa, si kuvutwa kwa waya wake. Kifaa chochote kisiguswe kwa mikono yenye maji. Mwenye swichi ya kukata umeme unaovuja abonyeze kitufe chake cha majaribio kila baada ya miezi mitatu, kwani isiyokata inapojaribiwa haitakata siku ya haja. Mwenye mita azime na kuchomoa kila kitu, kisha aitazame taa yake ndogo. Ikiendelea kumeta ilhali nyumba haitumii kitu, basi kuna umeme unaovuja, au kuna mtu ameunganisha waya wake, na yote mawili yanamhusu fundi.

Moto wa umeme ukitokea, la kwanza ni kuzima meni swichi iwapo inafikika. Maji yasimwagwe juu ya kifaa au waya wenye umeme, maana maji hupitisha umeme na humrudia anayeyamwaga. Mchanga mkavu, au kizimamoto cha unga au cha gesi, ndivyo vinavyofaa. Mlango wa chumba ufungwe ili moto usipate hewa, watu watoke, na zimamoto wapigiwe simu bila ya kungoja kuona kama moto utashindikana. Mtu aliyenaswa na umeme asivutwe kwa mkono. Umeme uzimwe kwanza, na kama haiwezekani, asukumwe kwa ubao mkavu na mwokozi akiwa amesimama juu ya kitu kikavu. Wazazi wengi wamempoteza mtoto, na baadaye mzazi wa pili, kwa kukimbilia kumshika.

Tunajua jibu litakalotolewa na wengi wa wasomaji wetu. Watasema, fundi mwenye leseni ana bei, swichi ya kinga ina bei, na mpangaji hana amri juu ya nyumba isiyo yake. Malalamiko hayo ni ya haki, na hatuyapuuzi. Mtu anayepika mara moja kwa siku hawezi kuambiwa abomoe ukuta atie nyaya mpya. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa mwananchi peke yake. Mwenye nyumba anayepokea kodi kila mwezi ana wajibu wa kumkabidhi mpangaji nyumba isiyomwua. Na serikali, ambayo ndiyo yenye sheria, wakaguzi na bandari, ina sehemu yake isiyoweza kubebwa na mwingine.

Kwa viongozi wetu, tunatoa maombi matano.

Kwanza, taarifa ya kila moto itaje kosa lenyewe. Je, ilikuwa ni shoti, mzigo uliozidi, kiungo kilicholegea au kuvuja? Ilianzia katika soketi, waya, au kifaa? Nyaya zilikuwa za umri gani? Zikikusanywa taarifa za namna hiyo kwa mwaka mmoja tu, Kikosi cha Zimamoto na Uokozi na Shirika la Umeme watakuwa na ramani ya hatari iliyo bora kuliko hotuba zote. Uchunguzi wa namna hiyo unawezekana. Jengo la Grenfell Tower mjini London liliteketea tarehe 14 Juni 2017, wakafa watu 72. Tume haikutosheka na kusema umeme. Ripoti yake ya kwanza ya mwaka 2019 ilifuatilia moto hadi katika friji kubwa jikoni mwa nyumba moja ya ghorofa ya nne, ikasema wazi kwamba mwenye nyumba hakuwa na lawama, kisha ikauliza kwa nini moto wa jikoni ulipanda ukuta mzima. Watu hao walikwisha kufa, lakini walio hai walijua la kufanya.

Pili, ukaguzi wa nyaya uanzie katika majengo ya umma: skuli, dahalia, hospitali na masoko. Mtoto anayelala dahalia hakuchagua soketi ya kichwani kwake. Serikali itakapomdai mwananchi atengeneze nyumba yake, iwe imekwisha kutengeneza zake.

Tatu, nyaya, soketi na waya za nyongeza zinazoingia bandarini zipimwe kwa makini na Taasisi ya Viwango. Waya ulioandikwa unene ambao shaba yake haina ni uongo unaouzwa kwa mita. Mnunuzi dukani hana chombo cha kuupimia. Serikali inacho.

Nne, mafundi vijana wa mitaani wasifukuzwe bali wafundishwe. Wengi wao ni hodari na wenye haja. Kozi fupi za jioni katika vituo vya mafunzo ya amali, na kitambulisho ambacho sheha na mwananchi wanaweza kukitambua, zitaokoa nyumba nyingi kuliko faini.

Tano, wenye nyumba wa Mji Mkongwe wasaidiwe kwa mashauri na, inapowezekana, kwa mikopo ya masharti mepesi ya kubadilisha nyaya. Hapo si mali ya mtu mmoja inayolindwa. Nyumba zimeegemeana ukuta kwa ukuta, na boriti ya moja ikiwaka, jirani hana pa kukimbilia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa umeme, ufa huo mara nyingi ni skrubu moja iliyolegea, na kuikaza ni kazi ya dakika tano kwa fundi anayejua. Gazeti hili kwa upande wake linaahidi kwamba halitaridhika tena na maneno mawili. Tutakapoambiwa kwamba chanzo ni hitilafu ya umeme, tutauliza ni hitilafu gani. Tunawaomba wananchi waulize vivyo hivyo, na tunawaomba wakubwa wanaohusika wawe na jibu.